Salio Lako Halitoshi

Kazi nimeianzia kabatini,
kabati la mninga alilotuachia baba.
Magodoro mawili ubavuni, trei za mayai juu,
feni nimezima, maana maikrofoni husikia hata jasho.
Humo nimekufa mara kumi na moja
kwa niaba ya malkia wa Kituruki
asiyejua Mshomoroni iko wapi.
Midomo yake hufunga mapema, Kiswahili changu hurefuka,
basi "nakupenda" nalikimbiza
kama mtu aliyeona feri inainua mlango,
na kilio nakitia pale anapogeuka.
Shekuwe, mwelekezi, hupiga simu kutoka Nyali:
"Kilio kizuri, Mbeyu, ila punguza pwani."
Punguza pwani!
Nikamuuliza nipunguze kwa kijiko au kwa upawa.

Kwenye runinga mnanijua, ila hamjui kwamba mnanijua.
Mimi ndiye jirani wa mlango wa pili
niliyeshika sufuria nikasema, "Kwani hamkusikia?"
Mimi ndiye jini, mara nne.
Mimi ndiye maiti aliyepiga chafya kule Bamburi,
ikabidi turudie, jua limeshahama,
na malipo yakahama nalo.
Mtayarishaji aliahidi Ijumaa.
Hakusema ya mwaka gani.

Jumamosi usiku ni habari nyingine.
Nyuma ya gereji ya Saburi, Majengo,
spika moja ina kikohozi, ya pili ni ya kuazima.
Pale siitwi Mbeyu, naitwa Mbegu.
Maana ni ile ile,
ila nyanya aliyenipa la kwanza hakudhani lingetiwa mdundo.
Kijana wa Kisauni akanitolea ubeti mzima juu ya makalio yangu.
Nikaiacha ngoma izunguke mara moja, kisha nikamwambia:

Umenipima kwa jicho, mizani hukuileta,
ukaja na kinywa hicho, maneno yanakisuta,
nifukie, sina kicho, mbegu ni chini huota,
kesho jua likiwaka, kivulini utaketi.

Watu wakapiga mabati mpaka mbwa wa Saburi akakata kamba.
Nikarudi na shilingi mia tatu na koo la msasa.
Jumatatu malkia wa Kituruki
akawa na mafua, sehemu nzima.

Kazi iliyolipa ni moja tu.
Chumba cha kioo, ghorofa ya tano, watu wa kampuni ya simu,
sentensi mbili:
Samahani, salio lako halitoshi.
Tafadhali ongeza salio.
Walitaka isiwe na huzuni, isiwe na raha,
iwe kama mtu anayekutajia saa.
Nikaisema mara sitini. Hakuna aliyeniambia nipunguze pwani;
ilikuwa imeshakwisha yenyewe.
Kwa hela hizo nikamnunulia mama friji.

Tangu hapo naishi ndani ya simu za watu.
Wananitukana Kongowea, wananitukana Likoni,
wananisonya wenye wagonjwa Makadara.
Chirima, aliyeniacha, nadhani sasa hunisikiliza
kuliko enzi zile tukila sahani moja.
Nami mwenyewe, tarehe ishirini na tano,
nikampigia mtayarishaji kumkumbusha Ijumaa yake.
Nikajijibu.
Kwa adabu kabisa.

Juzi nimefika Mikindani bila kubisha.
Mama yuko jikoni, viazi karai vinachachatika mafutani,
simu yake ndogo ameiegemeza juu ya friji, spika wazi.
"Samahani," nikasikia, "salio lako..."
Nikasema, mama, si ungeniambia nikutumie?
Hakushtuka. Akageuza kiazi kimoja, akageuza cha pili.
"Salio liko kwenye ile nyingine.
Hii siitii kitu."
Akajifuta unga kwenye leso,
akabonyeza tena.